Nta ya Mzee Nehemiah

Matisi, Kitale
13 Januari 2024

Kwako Linah,

Pokea salamu zangu zote, na umgawie baba yako, Mzee Nehemiah, zake. Barua yako Ngige wa lori alinipa jana akishusha vitunguu. Ati aliomba msamaha kwa vile bahasha inanuka vitunguu. Mimi niliona maganda tu, nikayapangusa nikasoma. Na tafadhali usiharakishe kununua simu nyingine. Tangu hiyo yako ianguke kwenye karai la nguo, angalau naelewa unachosema. Zamani nikikupigia huko Cheptais nilikuwa naongea na upepo, wewe ukiniuliza "unasemaje?" mpaka salio linaisha.

Sasa kaa chini, nina habari. Unamkumbuka Mwalimu Beth, yule mstaafu mwenye nyumba ya mafungo, mahali watu wa makanisa huenda kukaa kimya siku tatu wakiomba? Ile mishumaa sita niliyompa Novemba aliiwasha kwenye chumba cha maombi. Anasema wageni walitoka wakiuliza ni nani anayefuga nyuki humo ndani. Sasa anataka arobaini kwa mafungo ya Machi. Wageni wakipendezwa, atachukua kila mwezi, mwaka mzima. Linah, nimesema kila mwezi.

Unajua vile tumehangaika tangu tufutwe kule kwenye shamba la maua. Hapa Matisi ukimwonyesha mtu mshumaa, kwanza anaangalia balbu. "Si stima iko?" Ukimwambia huu ni wa harufu nzuri, anakuuliza kwani nyumba yake inanuka nini. Wageni wa Mwalimu Beth ndio watu wa kwanza kuelewa tunauza kitu gani.

Kwa hivyo nahitaji nta. Na si nta tu, nataka ile ya Mzee. Ile uliyoniachia Agosti ulipoenda kumuuguza imebaki kipande cha ukubwa wa sabuni ya kuogea.

Jambo la pili. Chumba kinachopakana na changu kimeachwa wazi. Mathenge, mwenye nyumba, amekubali kunishikia hadi mwisho wa Machi. Kazi ya Mwalimu Beth ikishika, ninyi wawili mnahamia hapo. Mzee atakuwa karibu na hospitali, aendelee na mazoezi ya ule mkono na mguu uliopooza, na wewe utakuwa na mimi. Nimechoka kukoroga sufuria nikiongea na ukuta. Kazi hii ikitupita, sioni tena njia ya kutuweka pamoja, nakuambia ukweli.

Mimi niko sawa. Ile homa ya Krismasi iliisha, imeniachia tu chakula kisicho na ladha, kama kutafuna karatasi. Itapita.

Wako,
Wahu


Cheptais
25 Januari 2024

Mpendwa Wahu,

Bwana asifiwe. Sisi tuko, kwa neema yake.

Habari yako ya Mwalimu Beth nilimsomea Baba. Alicheka kwa ule upande wa uso unaocheka. Aliniambia nirudie pale wageni walipouliza nani anafuga nyuki, nikarudia, na jioni akaniambia nirudie tena. Kila asubuhi huniuliza kama nyuki wametoka. Namwambia wametoka. Mtu aliyepanda miti kwa kamba miaka hamsini, na mizinga yake ina alama ambayo hakuna mtu wa ukoo mwingine huthubutu kugusa, leo anageuzwa kitandani na binti yake. Ile nta ndiyo kazi pekee iliyombakia. Ikienda Kitale anakaa siku nzima kama mtu aliyetoka shambani.

Nimemkabidhi Ngige vipande vinne kwenye gunia. Mwambie asivitupe kama viazi.

Nakuomba kitu kimoja, Wahu. Usiyeyushe kabla ya kunusa. Mwaka huu maua yalikuwa mengine, pengine haiko kama ile ya zamani. Kata kipande, sugua kwenye kiganja, unuse, kama tulivyofanya siku zote. Pua yako haijawahi kutukosesha. Kule kwenye maua ni wewe ulikuwa unajua waridi limeoza kabla hata rangi haijageuka. Ukiona nta haifai, sema tu. Sitakasirika. Mrudishie Ngige, mimi nitaelewa.

Hayo mambo ya chumba bado sijamwambia Baba. Sitaki afurahi mapema.

Ni mimi,
Linah


Matisi
3 Februari 2024

Linah wangu,

Nta imefika, nimeinusa, na ni ile ile. Asali tupu. Wewe na wasiwasi mlizaliwa siku moja.

Rangi ndiyo imekuwa nyeupe kidogo, lakini si ni Mzee alitufundisha kuwa maua hubadilisha rangi? Pia inayeyuka haraka kuliko ile nyingine. Nimefurahi, inakula makaa kidogo. Nimeanza na kumi na mbili kwenye zile chupa za jemu. Mafuta ya mchaichai natia kwa kuhesabu matone, kama tulivyoandika kwenye daftari, sizidishi wala sipunguzi. Zamani nilikuwa naonja kwa pua tu, unakumbuka, lakini kazi ya Mwalimu Beth si ya kubahatisha.

Juzi nilikuwa nimeinama kwa mishumaa nikasahau maziwa motoni. Yaliungua mpaka mama wa chumba cha tatu akaja kugonga mlango, ati ploti nzima inanuka na mimi nimekaa kando ya jiko nikikata tambi za mishumaa. Alinitazama vibaya. Nilimwambia nilikuwa na mawazo.

Tuma nta nyingine kama hii, vipande vitatu vitatosha. Nimeingia kile chumba nikapima mahali kitanda cha Mzee kitakaa. Kitakaa chini ya dirisha. Wewe utalala upande wa ukuta wangu, ukitaka kuniita unagonga.

Wako,
Wahu


Cheptais
15 Februari 2024

Mpendwa Wahu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema umenusa. Basi, mimi ni nani nibishane na pua yako?

Nimetuma vipande vitatu. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na safari ya Myanga, mambo ya soko. Baba nilimwacha na jirani, alikasirika, hapendi kulishwa na mtu mwingine.

Ulivyoandika kwamba nitalala upande wa ukuta wako, nililia. Sijui kwa nini nakuambia. Nataka sana kuja, Wahu. Huku hakuna mtu wa kuongea naye, na Baba naye namjibu yale anayotaka kusikia tu.

Kama kuna kitu umeona kwa hiyo nta, bado kuna wakati wa kusema.

Linah


Matisi
9 Machi 2024

Linah,

Arobaini imekamilika. Iko mezani na vifuniko vyake, siachi kuitazama. Inatoa jasho kidogo juu, naipangusa na kitambaa, nafikiri ni joto la mabati. Niliwasha mmoja juzi nikiwa nimefunga mlango. Mwali ulisimama wima, haukutoa moshi, haukucheza. Nilikaa mbele yake kama mtu wa mafungo.

Jumatano asubuhi napeleka kwa Mwalimu Beth. Nimeulainisha moyo wangu kwa maombi, hata mimi ambaye unanijua.

Nimemtumia Mzee mmoja na Ngige. Muwashie. Mwambie hiyo ni kazi ya mikono yake, mimi nilikoroga tu.

Wahu


Cheptais
11 Machi 2024
(Barua hii haikutumwa.)

Wahu,

Usipeleke. Kabla ya kitu kingine chochote, usipeleke hiyo mishumaa.

Nimewasha ule mmoja jana baada ya kanisa. Haukumaliza hata muda wa kunywa chai. Nyumba yote ilinuka mafuta ya ng'ombe, kama mtu anachoma ngozi na kuinyunyizia mchaichai. Wahu, wewe huwezi kunusa. Ndiyo nimeelewa jana, nikiwa nimesimama hapo na kiberiti mkononi. Kile chakula kama karatasi, yale maziwa, yale matone ya kuhesabu. Ungekuwa na pua yako ungenirudishia lile gunia la kwanza siku hiyo hiyo.

Nta si ya Baba. Nyuki walikufa Oktoba, jirani zetu waliponyunyizia vitunguu dawa vikiwa na maua. Nilikuta wamelala chini ya miti, unawakanyaga. Mizinga yote saba. Sikumwambia Baba, nikasema nitamwambia akipata nguvu, na nguvu hazikuja. Ulipoomba nta nilienda Myanga kwa mtu anayewauzia mafundi wa viatu nta ya kupaka nyuzi. Nilijua ameichanganya. Nilijiambia Wahu atanusa, atakataa, na hayo yataisha bila mimi kusema neno. Ukaandika ni asali tupu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifikiri umejua na umeamua kunyamaza kwa sababu unanipenda.

Baba alinusa akiwa kitandani. Akauliza ni nani ametia shahamu kwenye nta yake. Nilimjibu haraka haraka, nikauzima, nikatoka nje.

Ngige hapiti mpaka Ijumaa na wewe unapeleka keshokutwa. Barua hii haitafika. Jumatano kukipambazuka nitapanda kule juu kwenye mtandao na simu ya jirani, nitakupigia, nitakuambia yote haya kwa mdomo.

Linah


Matisi
16 Machi 2024

Linah,

Nimeharibu kila kitu.

Nilipeleka Jumatano. Siku yenyewe ilianza vibaya, kuna mtu alinipigia asubuhi na mapema kwa nambari nisiyoijua, nikasema haloo mara tatu, nikasikia anapumua tu, akakata. Nikafikiri ni wale matapeli. Nikachukua boksi zangu nikaenda.

Mwalimu Beth aliwasha ishirini kwa mkupuo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Watu ishirini na wanane wamekaa kimya, wamefumba macho. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, nikiwaza kile chumba chenu. Baada ya dakika chache nikaona mzee mmoja anafungua jicho. Kisha mwingine anaziba pua na leso. Mwanamke mmoja alitoka nje akitapika. Halafu kijana fulani akauliza kwa sauti kama jikoni wameacha nyama ikiungua, na chumba kizima, hao watu wa kukaa kimya, wakacheka. Mimi nilikuwa nawatazama tu. Sikujua wanacheka nini.

Mwalimu Beth alinishika mkono akanipeleka kando. Hakunifokea. Alisema, "Wahu, mama, kwani wewe husikii hii harufu?"

Nikamwambia hapana. Na wewe nakuambia sasa, nilipaswa kukuambia Januari. Tangu ile homa sinusi kitu. Si maua, si moshi, si choo. Nilificha kwa sababu pua ndiyo mtaji wangu, na niliona nikikuambia hutakuwa na sababu ya kurudi. Nilikudanganya kwamba nimenusa nta ya Mzee. Sikunusa. Niliipaka mkononi nikaitazama.

Sijui nilitia nini. Labda chupa zilikuwa na mafuta ya kupikia sikuziosha vizuri, labda mchaichai uliharibika chupani, labda sufuria. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Nta ya watu ilikuwa safi na mimi nikaichafua. Mwalimu Beth amerudisha yote, na ametafuta mtu wa Eldoret. Mathenge nimemwambia akipangishe kile chumba.

Lakini nimefikiri hivi. Mishumaa imenishinda, nyuki hawahitaji pua. Jumatatu ya Pasaka nakuja huko. Nataka nimshukuru Mzee na nimwombe radhi uso kwa uso, na kama atakubali anifundishe kazi ya mizinga, nikae nanyi. Nitauza sufuria, nitakuja na godoro langu. Sina mtu mwingine, Linah.

Wahu


Cheptais
21 Machi 2024

Mpendwa Wahu,

Pole sana. Nimesoma nikalia. Usijilaumu kupita kiasi, makosa ni ya binadamu, na huenda ni zile chupa kama ulivyosema. Mungu atafungua mlango mwingine.

Lakini Pasaka usije. Barabara imekatika kwa mvua, na Baba hayuko vizuri, hataki wageni. Kazi ya nyuki si ya mwanamke pia, huku watu wataongea. Ngoja mpaka nikuandikie.

Nakuombea.

Linah


Matisi
3 Aprili 2024

Linah,

Nilikuja. Jirani atakuwa amekuambia, na kama hakukuambia, ule unga na sukari kwenye meza niliacha mimi.

Barabara haikuwa imekatika. Pale senta niliuliza kwa Nehemiah wa nyuki, nikaelekezwa na mtu wa kwanza. Ulikuwa umeenda kusaga mahindi. Nilimkuta Mzee ameketi mlangoni kwenye kile kiti ulichomfungia mito. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ndiye Wahu wa Kitale. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru, nilikariri maneno njia nzima.

Kisha akasema, "Ni wewe ulitia shahamu kwenye nta yangu."

Nikafikiri sijasikia vizuri, nikamwuliza anasema nini. Akaeleza. Ati siku ile mshumaa ulipowashwa alikuuliza ni nani ameharibu nta yake, na ukamwambia ni Wahu, ameichanganya na mafuta ya ng'ombe ili iwe nyingi. Alisema hajalala vizuri tangu siku hiyo. Miaka hamsini hakuna mtu aliyewahi kusema nta ya Nehemiah imechanganywa, na sasa Kitale nzima inasema.

Nilikuwa najua sikutia shahamu, lakini nilikuwa nimeshajilaumu zaidi ya wiki mbili, nikajiuliza hata kama kweli nilitia nikasahau. Yeye mwenyewe ndiye aliniambia niende nikaone nyuki wake, nijue nilichafua kazi ya nani. Akanielekeza kwa kidole, chini kidogo kuelekea mto, miti mitatu ya kwanza, mizinga yenye alama yake ya mistari miwili na nukta.

Nilienda. Mmoja umeanguka. Ile mingine nilisimama chini yake nikasikiliza, nikagonga na fimbo. Buibui wamejaa mlangoni. Niliokota sega moja chini, limekauka, linavunjika mkononi, hapo limekaa miezi. Nikasimama nikahesabu nyuma mpaka Januari, na vile vipande saba ulivyonitumia, na safari yako ya Myanga. Pua sina, lakini hesabu ninayo.

Ungeniambia nta ni mbovu ningekuambia pua yangu imekufa. Tungeketi tukacheka, mimi nikiwa kipofu wa pua na wewe huna nyuki, tukatafuta kazi nyingine, hata ya kufua nguo. Kudanganya nilidanganya pia, na hilo ningeligawana nawe nusu kwa nusu. Lakini uliposoma barua yangu, ukaona nimejichapa mwenyewe kwa kosa lako, ukaniandikia pole.

Niliporudi mlangoni baba yako aliniuliza kama nimewasikia. Alikuwa ameinama mbele, amegeuza lile sikio lake zuri. Nikamwambia nimewasikia, Mzee, wengi sana. Akafumba macho. Kisha nikapiga magoti pale kwenye vumbi nikamwambia ni kweli, mimi ndiye niliyetia shahamu, tamaa ilinishika, anisamehe. Akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe, nisirudie tena kwa mtu mwingine.

Nilikusubiri mpaka saa tisa, halafu nikaona sitaki kukuona.

Godoro nimerudi nalo. Sufuria nilishaziuza. Ngige nimemwambia hii ndiyo barua ya mwisho anayobeba kati yetu, na yako akipewa asiipokee. Mwambie Mzee uongo wowote unaotaka kuhusu nyuki, sitakuharibia, nimeshaufunga na wa kwangu. Yeye amenisamehe kosa lako. Wewe mimi sijakusamehe.

Wahu